Metod na Miti Yenye Kasoro

Kwa miaka ishirini na tisa, kazi ya Metod Dzurko ilikuwa kuhukumu miti. Alipita kwenye msitu wa miti ya buki juu ya kijiji chao akiwa na nyundo ya kutilia alama, na kila mti wenye tundu, ufa au uyoga aliugonga: huo ukatwe, iliyonyooka ipate nafasi. Msitu wake ulisifiwa hadi mjini kwa usafi.

Mwaka aliostaafu akaja mtafiti mmoja, Zlatica, akitafuta mtu anayezijua njia za mlimani. Alitaka kuhesabu matundu, nyufa na vidimbwi vinavyotuama kwenye mashina, humo wanamoishi wadudu, ndege na popo.

“Maisha yako yote umeyakata maradhi, leo unakwenda kuyahesabu?” mkewe, Paraska, akamcheka.

Walianzia ng’ambo ya bonde, kwenye msitu ambao haujawahi kuguswa na shoka. Mti mmoja tu uliwachukua asubuhi nzima: matundu manne ya kigogota, uyoga mgumu kama kwato, gome lililobanduka na popo wawili nyuma yake. Hekta moja ikatoa kasoro zaidi ya mia mbili.

Kisha wakahesabu msitu wa Metod. Hekta nzima, thelathini na moja. Metod alikula mkate wake na mafuta ya nguruwe akiwa amempa mwenzake mgongo.

Kwenye genge la mlima, ndani ya msitu huohuo, wakakuta mti mmoja mkongwe wa buki, umetobokatoboka.

“Huu uliuhurumia, baba,” Zlatica akasema.

“Huruma gani? Trekta haikuweza kufika.”

Wiki hiyohiyo Metod akamfuata Kornel, aliyeshika kazi yake, akamwomba asiikate miti tisa yenye matundu kando ya kijito.

“Mzee Metod, si wewe uliyenifundisha kwamba mti wenye tundu unakula nafasi ya bure?”

“Ni mimi.”

“Sasa?”

“Sasa nakwambia nilikosea. Unataka nipige magoti?”

Kornel akacheka, akajikuna kichwa, akakubali, ila kwa sharti kwamba Metod aichore pete nyeupe ya kuonyesha isikatwe, kwa mkono wake, wakataji wasije wakamlaumu yeye. Ikamchukua siku mbili, na mgongo ukamuuma juma zima.

Majira ya baridi upepo ukauangusha mmoja wa miti ile tisa. Wakataji wakampigia simu kuuliza kama wauburute. Akawaambia wauache hapohapo ulipolala.