Meli Tuliiona, Yenyewe Haikutuona

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Likoni, nilimwamkia Nahodha kabla sijapanda chomboni.

"Marahaba," akaitikia. "Watapika?"

Nikasema sitapiki. Tulipotoka nje ya mlango wa bandari nilitapika mpaka samaki wakanishukuru.

Bahari nimeiacha mapema kuliko wenzangu, nanyi mnaoanza mwaniuliza kazi ilikuwaje. Chombo chetu cha mashine kiliongozwa kwa macho. Baharia mmoja hukaa omo, yaani mbele kabisa, atazame na apige kelele. Huyo nilikuwa mimi. Kisha mwenye chombo akatuletea kipokezi cha bei nafuu: kidude mfano wa redio, chenye antena, kinachonasa habari zinazorushwa na meli kubwa na kuzichora kwenye simu. Meli huwa pembetatu, na mbele yake mstari wa kule inakoelekea.

Nahodha alikipenda kama mjukuu. Kwetu humpiti mtu bila salamu, basi naye akawa azisalimu meli kwa majina yao, hapo hapo kwenye simu. "Salama, bibiye? Haya pita, tushaonana!" Mimi akanitoa omo nikachambue nyavu.

Asubuhi moja ya masika mvua ilifunga kote. Twakata njia ya meli kurudi nyumbani, pembetatu ikatokeza, mstari wake umetuelekea sisi.

"Nahodha, hino yaja juu yetu!"

"Twaiona, nayo yatuona. Itapinda."

"Itatuonaje? Kidude hiki chasikia tu, hakisemi. Kwao sisi hatupo!"

"Nani kakwambia?"

"Fundi aliyekifunga. Wewe ulikuwa washughulika na salamu."

Hakucheka. Akatazama simu, akatazama mvua, kisha akazungusha usukani, tukarudi tulikotoka kwa nguvu zote za mashine. Ukuta mweusi wa chuma ukapita pale pale ambapo tungekuwa. Juu hakuchungulia mtu. Mawimbi yake yakatutupa huku na huku, nyavu zikanivaa kichwani.

Nahodha akasema kwa unyonge, "Wallahi, hata salamu haikuitikia."

Nikacheka mpaka machozi, naye akacheka. "Rudi omo, mwanangu. Mimi nitaangalia simu, wewe angalia dunia."

Siku hizi nafunga vipokezi kwenye vyombo vidogo, huku naota siku ambayo kila ngalawa itakuwa na cha kusikia na cha kusemea. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho humuuliza nahodha: nani atakaa omo? Asiponitajia jina la mtu, siikazi.