Chokaa Kichwani mwa Shangazi

Shangazi yangu, dada ya baba, aliimba kwaya kanisani katika mtaa wa Satellite tangu kabla sijazaliwa. Kisha akaanza kupepesuka. Maneno yakawa yanamtoka mazito, mikono ikamtetemeka, na Jumapili moja akaangusha kitabu cha nyimbo mbele ya waumini wote. Minong'ono ikaenea. Mwishowe mwenyekiti wa kina mama akamwambia, wenzake wakisikia, apumzike kuimba mpaka aache pombe.

Shangazi hajawahi kuonja hata muratina, ile pombe ya kienyeji ya harusini. Alikunja joho lake la kwaya, akalitia kwapani, akaenda zake. Tangu hapo akawa anasali nyumbani na redio.

Mimi ni msusi, nina kiti changu katika saluni pale kwenye maduka ya Adams Arcade. Nilikuwa nimepita miaka arobaini vidole viliponigomea. Nikishika nywele kidogo za kusuka rasta nyembamba, vinajikunja vyenyewe na kukakamaa. Nilimeza dawa za maumivu, nikajikanda kwa maji moto, wapi. Daktari wa neva, mama mmoja mwenye kliniki katikati ya jiji, akanituma nikapigwe skani ya kichwa.

Aligeuza kompyuta nione. Ubongo wangu ulikuwa wa kijivu, lakini katikati, kushoto na kulia, palikuwa na mabaka meupe pepepe.

"Ni saratani?" nikauliza.

"La. Ni kalsiamu, chokaa tu. Imejikusanya pale ubongo unapoongoza mwendo wa mwili. Lakini sitaupa ugonjwa jina kabla ya kupima damu. Kuna mambo mengine yanayoweza kuleta hali hii."

Damu haikuonyesha kasoro. Niliporudi akaniuliza, "Kwenu kuna mtu anayetetemeka? Anayetembea kama amelewa?"

Nikajikuta nimesimama. "Shangazi yangu," nikasema.

Shangazi hakutaka kusikia. "Mimi nimezeeka tu. Hiyo mashine itaniambia nini?"

"Itatuambia kama tunaugua kitu kimoja."

Akavitazama vidole vyangu, akaenda kutafuta viatu.

Mabaka yake yalikuwa makubwa kuliko yangu, mahali palepale. Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huu hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ingawa si kila mtoto huupata. Baba yangu lazima alikuwa nao, ila ajali ilimchukua kabla haujajionyesha. Chokaa yenyewe haitolewi, akasema, lakini kutetemeka na kukakamaa kuna dawa za kupunguza.

Nilidhani Shangazi angelia. Akauliza, "Kwa hivyo ni ugonjwa?"

"Ni ugonjwa, mama."

"Si pombe?"

"Hata ungeoga pombe, isingekuchora hivi."

Shangazi akapiga makofi. Akacheka mpaka binti wa mapokezi akachungulia mlangoni.

Jumapili iliyofuata alivaa joho lake, akanishika mkono, tukaingia kanisani kwa mwendo wake wa polepole. Ibada ilipoisha, kina mama walibaki kwa mkutano wao. Shangazi akasimama, akainua picha ya skani dirishani, jua likapenya.

"Mliniondoa mbele ya watu," akasema. "Basi tazameni mbele ya watu. Hii nyeupe ndiyo hiyo pombe yangu."

Nikawaeleza nilivyoelezwa, nikawaonyesha na picha yangu. Mwenyekiti aliisogelea, akaitazama kwa muda mrefu. Alipogeuka macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Dada, nilikukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nipisheni, mahali pangu ni pale mbele."

Wakampisha. Mtu akaanzisha wimbo, kwa kasi yao ya kawaida, na Shangazi akaachwa nyuma tangu neno la kwanza. Hakunyamaza. Akaendelea kwa kasi yake, sauti nzito lakini imenyooka, mpaka wao ndio wakapunguza mwendo kumfuata. Mimi nilipiga makofi kwa vidole vyangu vilivyojikunja, wala sikujali nani ananitazama.

Siku hizi mimi nafundisha wasichana kusuka, na binamu zangu wawili wameshakwenda kwa daktari kwa hiari yao. Shangazi anameza dawa asubuhi. Mwezi uliopita alidai ubeti wa pili auimbe peke yake. Akapewa.