Tirbo yangu na blanketi ya baba mukwe

Bon, municheke kwanza, mumalize, kisha nielezee, juu mukicheka katikati nitakasirika na nitarudia nyumbani. Haya yangu ilishaenea, siwezi kuificha tena. Ata ndugu yangu mudogo Mbusa, mwenye ndoa yake ilibakia kidogo ikufie mu mikono yangu, alishanisamehe; lakini mu Butembo kuko parsele moja, nyumba na uwanja yake, nikiingia pale tu, batu banajiziba pua na kidole kabla ya kunisalimia, na sasa batoto nabo balijifunza.

Niko na kamionete, inabebaka kakao na ndizi kutoka Beni kupanda Butembo. Gari muzuri, mais motere yake ilikuwa imechoka, ku kilima inalia mupaka bamama benye kubeba kuni banatupita (moja alinipa pole, na kuni ku mugongo). Bibi yangu Masika akasema: "Baba Kahindo, toa hiyo motere, tia ingine." Nikaipeleka kwa Muzee Paluku, mekanisie wetu wa Beni, naye akasema vilevile, kwamba anajua motere moja ya kutoka mu gari ingine, ingali na nguvu, ataitia mu siku tatu. Pale pale shetani akapitisha kamionete ya mwenzangu moja mbele ya garaji, iko na tirbo, kile chombo cha kusukumia motere hewa ipate nguvu, inapiga ile filimbi yake, fiiiuuu, barabara yote inageuka kuangalia.

Nikamuuliza: "Muzee, na miye siwezi kuacha motere yangu, nitie tirbo tu?"

Akapangusa mikono polepole. "Hii motere iko muzee sawa miye. Ukiambia muzee akimbie, atakimbia. Siku moja."

"Tia," nikasema.

Akatia, tirbo ya zamani, ya kutoka ku gari iliyokufa, na akaniambia: "Ukiona moshi ya bluu, simama." Na miye, juu sikupenda maneno mingi ku nyumba, nikamuambia Masika tumetia motere mupya. Neno moja tu, ndogo. Banasema njia ya muongo ni fupi. Yangu ilitoka Beni, ikaishia Butembo.

Donc siku ya mahari ikafika. Mbusa alikuwa anataka Kavira, binti ya jamaa ya kanisa kule Butembo, batu batulivu, baba yake ni shemasi, na ule baba alimungojesha Mbusa miaka mbili, anasema hapana kutoa binti yake kwa batu ba kelele. Na munajua kwetu: mahari ni mbuzi, zinatakiwa kufika nzima, na benye kuzileta banasimama ku mulango kimya mupaka baitwe. Bazee betu balitangulia na gari ingine. Miye nikapewa mbuzi, Mbusa nyuma nazo, amevaa kostime, suti yake (aye, ile kostime!), na Masika mbele, amepakata blanketi nzito ya kumupa baba mukwe wa Mbusa, juu Butembo ni baridi.

Ku barière, askari moja akasikia filimbi. "Vieux, hii motere ni ya moto!"

"Iko mupya," Masika akajibu, anacheka, amejaa furaha. Nikaangalia barabara.

Tukaanza kupanda. Weee, gari ilikuwa inapanda! Mbusa akagonga ku dari ya kabine, nikafikiri ni furaha, nikaongeza mwendo. Akagonga tena, nikapiga honi kumuitikia. Kumbe yeye alikuwa ndani ya moshi ya bluu, pamoja na mbuzi, analia jina yangu.

Tukafika. Bakwe bameketi chini ya tente, kimya kabisa. Nikazima motere. Haikuzimika. Nikatoa ufunguo. Motere ikapandisha sauti yenyewe, ikalia wuuuuu, gari yote inatetemeka, moshi ikafunika tente mupaka mutu haoni jirani yake. Tirbo ilikuwa imeachilia mafuta ya motere kupita, motere iko inakula mafuta yake yenyewe, haina haja na mazutu, ile dizeli ya tanki, haina haja na ufunguo, haina haja na miye. Na miye nimesimama katikati ya parsele, nimenyoosha ufunguo juu, nalalamika: "Nimezima! Muone, nimezima!" Bazee bakakimbia na viti. Mbuzi zingine zikaruka juu ya Mbusa, zikaingia mu maharagi ya bakwe.

Njo mama ya Kavira akatoka mu moshi. Ule mama ana mashini ya kusaga mahindi ku soko, ya mazutu, miaka mingi. Hakunisalimia. "Fungua kapo! Leta kitu kizito!" Nikainua kapo, kile kifuniko ya motere. Kitu kizito kilikuwa kimoja. Akakinyakula kwa mikono ya Masika, akang'oa mupira ya kuingizia motere hewa, akaikunja blanketi, akaziba pale motere inapumulia, akaegemea na uzito yake yote. Motere ikakohoa, ikatetemeka, ikakufa.

"Motere yenye kujikula, munaiziba pua," akatufundisha. Kisha akainama kuangalia. "Lakini hii motere ni muzee kabisa. Nani aliitia tirbo?"

Masika akageuka polepole. "Muzee namna gani? Baba Kahindo, si uliniambia ni mupya?"

Nikashusha ule ufunguo.

"Mupya ni... ni tirbo," nikasema. (Na ile pia ilikuwa uongo.)

Baba mukwe akasimama, akachukua blanketi yake, nyeusi, inadondosha mafuta. Nikajua Mbusa amekosa bibi, na ni miye nimemukosesha. Nikatamani kulia, kweli. Lakini ule muzee alikuwa anaangalia nyuma ya gari. Mbusa alikuwa angali pale, kostime imejaa mavi ya mbuzi, macho nyekundu, na mu kila mukono kamba ya mbuzi moja.

"Bote tulikimbia, ata miye," muzee akasema. "Huyu hapana kuachilia kamba. Kavira atapata mutu." Kisha akanigeukia. "Mais weye, binti yangu hatapanda hii gari mupaka itiwe motere ingine. Na mama yake atakuja Beni kuisikiliza."

Ule mama alikuja kweli, akaweka sikio ku kapo, akaitika na kichwa. Motere ingine, ile Muzee Paluku aliitia mwisho, haina filimbi. Nilitaka kununulia baba mukwe blanketi ingine, bakwe bakakataa; ile ile njo banatandikaka ku kiti changu kila nikienda. Miye na tirbo, tena hapana, na kumudanganya Masika, Mungu anisaidie. Siku hizi gari ya filimbi ikitupita ku kilima, Masika ananiangalia tu, na miye najiziba pua mwenyewe, kabla hajasema kitu.