Fremu ya Konani Bombo

Siku niliyoanza kazi, bosi alinipa kigoda akaniambia nikakae. Basi. Wenzangu tulioajiriwa nao siku ile walipewa magunia ya kupanga na funguo za kutunza, mimi kigoda. Nilidhani ananitania.

"Nikakae wapi, mzee?"

"Makanya. Kuna mtu anataka kufungua duka. Kaa mlangoni pa fremu anayoitaka toka asubuhi mpaka jioni, halafu uje uniambie nani ameingia."

Bosi wangu alikuwa mwenye duka la jumla hapa Same mjini. Wenye maduka madogo wa mlimani na wa tambarare walichukua mzigo kwake kwa mkopo, na mmoja akifunga duka, hasara ilikuwa ya wote wawili. Kwa hiyo mzigo haukutoka ghalani mpaka mtu wake aikalie fremu, yaani kile chumba cha biashara chenye mlango unaotazama njia. Mtu huyo nikawa mimi, mpaka nilipostaafu. Ninyi vijana mnachukua fremu kwa kutumiwa picha kwenye simu. Haya, endeleeni tu.

Masharti ya kukalia fremu yalikuwa machache. Unakaa kizingitini, uso njiani, mgongo ndani. Huweki bidhaa, humwiti mtu. Unatazama nani anageuza shingo, nani anapunguza mwendo, nani anachungulia. "Na mgongo ukikusisimka, usipuuze," bosi alisema. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ile ya Makanya ilitazama barabara kuu. Mabasi yalipita yakiunguruma, vumbi la jasi likanitia weupe hadi kwenye kope, na hakuna aliyesimama. Aliyeshindwa pale kabla yetu alikuwa ameacha mizani yake ikining'inia darini, ile ya sahani mbili. Kila nikigeuka nilikuta sahani moja imeshuka, nyingine iko juu, na ndani yake hamna kitu. Nikailaumu treni, kwamba inatikisa jengo. Lakini treni haikupita siku ile.

"Barabara kuu si mteja," bosi alisema niliporudi. "Anayepita si anayeingia." Nikamweleza habari ya mizani. Akaagiza chai.

Baadaye nilikuwa chini ya meneja wa ghala, mwanamke mkali kama pilipili, tukizunguka fremu za pale stendi. Yeye ndiye aliyenifundisha kilemba. Mpangaji anayeondoka mahali palipochangamka humdai anayeingia kitu kidogo cha kumwachia wateja, hicho ndicho kilemba. "Asiyedai kilemba," aliniambia, "muulize anakimbia nini." Aliniudhi mara nyingi yule mama, lakini kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Halafu ikaja kazi ya Bombo, huko mlimani.

Aliyetaka fremu aliitwa Namsifu, mjane kijana. Mumewe alikufa kwa ajali ya pikipiki, akamwachia mtoto wa kike, Upendo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na ng'ombe. Ng'ombe wenyewe Namsifu alikuwa ameshawauza. Mwenye jengo alitaka kodi ya mwaka mzima mbele, na pesa hiyo ikipotea Namsifu hakuwa na kingine duniani, zaidi ya kurudi kwao kukaa jikoni kwa wifi zake.

Fremu yenyewe, jamani, nzuri! Ipo konani, mashine ya kusaga upande wa pili, kanisa juu, njia ya shule na ya sokoni zote zinapita mlangoni. Saruji safi, bati jipya. Nikamuuliza mwenye jengo kuhusu mpangaji aliyetangulia, kama alidai kilemba.

"Hapana. Alihama tu."

"Na aliyemtangulia?"

"Naye alihama tu."

Nikaketi. Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala njiani. Wa kwanza kupita alikuwa mzee mwenye jembe begani, umri wa baba yangu. Alipofika mbele yangu akavua kofia akasema, "Shikamoo."

Mungu wangu! Mzee yule anipe mimi shikamoo? Nikaruka kwenye kigoda niwahi kumwamkia mimi. Ndipo nikaona kwamba hanitazami. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, ndani ya chumba. Akasubiri kidogo, kama mtu anavyosubiri kuitikiwa, akatikisa kichwa, akavaa kofia, akaenda zake.

Nikageuka. Sakafu, ukuta, misumari.

Akaja mama na kikapu cha tangawizi. "Habari za asubuhi, mama," akaniambia vizuri tu. Kisha akashusha sauti, akapiga goti kidogo: "Shikamoo." Akasubiri. Akaenda. Wakapita wengine na wengine, watu wengi ajabu, na kila mmoja alinisalimia mara moja, halafu akasalimia tena kwa ndani. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga kizingiti. Mgongo ulinisisimka mpaka nikawa nashindwa kukaa wima.

Kijana wa bodaboda naye akafanya vilevile. Nikamdaka. "We, mwanangu, unamwamkia nani humo?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi umeshaniamkia."

Akakuna kichwa. "Aisee, sijui. Hapa tunaamkia tu, toka wadogo." Akawasha pikipiki akaondoka haraka.

Mchana yule mzee wa jembe akarudi, nikamsimamisha. Akanieleza bila kuficha, kama mtu anayekuelekeza njia. Pale konani ndipo palipoingilia njia ya mpungi, msitu wa ukoo, ambako zamani mafuvu ya wazee yalihifadhiwa kwenye vyungu. Ukipita unaamkia. "Sisi ni Walutheri, mama, Jumapili utatukuta kanisani. Lakini kuamkia wazee si dhambi."

"Na walihamishiwa wapi, jengo lilipojengwa?"

"Miti ilikatwa," akasema. "Wao sijui nani angewahamisha."

"Ndiyo maana hamuingii?"

"Utaingiaje barazani kwa wazee kununua sabuni?"

"Ukoo gani, baba?"

"Wa marehemu mume wa yule binti anayeitaka."

Namsifu akaja alasiri, pesa ameifunga kwenye khanga, na mwenye jengo nyuma yake na ufunguo. Nikamwambia asichukue. Akanikasirikia, na nilimwelewa. "Mama, huoni watu wote hawa? Unataka nikauze wapi, porini?"

"Keti wewe," nikamwambia. Nikampisha kigoda, nikasimama njiani.

Wanafunzi walikuwa ndiyo wanatoka shule. Wakapita makundi kwa makundi, shikamoo ya kwanza, shikamoo ya pili, na Namsifu akiitikia zote, anatabasamu, anaona wateja. Halafu akaja Upendo na mkoba wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mtoto akainua uso kidogo, akatazama juu ya bega la mama yake, uso ukachangamka.

"Shikamoo baba."

Akasubiri. Akacheka, akakimbilia nyumbani.

Namsifu hakugeuka. Alikaa pale mikono magotini, machozi yakimchuruzika, nami nikalia naye, maana ningefanya nini? Mwenye jengo akanyoosha ufunguo. Namsifu akasimama, akamwambia, "Asante, mzee. Siwezi kupima sukari mbele yake."

Alipanga kibanda cha mbao ubavuni mwa mashine ya kusaga. Paa la chini, unga unaingia mpaka kwenye majani ya chai. Kwa kanuni zote za bosi kilikuwa kibovu. Nikakikalia siku nzima, na watu wakawa wananiruka kigoda waingie ndani kungoja zamu ya kusagiwa. Bosi akatoa mzigo. Duka lile lipo mpaka leo, na Upendo amesomeshwa kwa duka hilo mpaka akawa nesi.

Nimestaafu sasa. Vijana huja kuniuliza wachague fremu ipi, nami nawaambia wakakae, wengi hawana subira. Hainiumi sana. Kinachonirudia ni alasiri ile, hasa nikiwa peke yangu nyumbani na mlango uko wazi nyuma yangu.

Mwaka huu Upendo alikuja kunijulia hali. Nikamuuliza, maana nilikuwa nimelibeba muda mrefu: siku ile, alijuaje amwamkie baba yake?

Akanishangaa.

"Bibi, mimi nilikuwa napita tu. Yeye ndiye aliyeniita."