Korongo Kwenye Ukuta wa Mashine

Habari zilinikuta Kasulu, nimesimama dukani nachagua waya za chaja. Shangazi alipiga simu kutoka Kibondo. Yeye hupenda kusalimia mpaka salio linakata, lakini siku hiyo hakusalimia. "Umekaa?" akauliza. Nikamwambia nimesimama. "Basi shika kitu. Yule wa Korongo ametutoka. Umeme." Hakutaja jina na mimi sikuuliza, maana Kibondo yote alikuwapo wa Korongo mmoja tu. Nakumbuka nilirudisha waya zote mezani, nikatazama soketi ya ukutani nyuma ya muuzaji, zile tundu zake zinazofanana na macho, nikatoka nje bila kununua chochote. Tangu siku hiyo, kila nikichomeka simu ya mteja kibandani kwangu, kabla taa ya chaja haijawaka nasikia sauti ndogo ya chuma: kra, kra. Najua haipo. Lakini nasimama kidogo, nasubiri iishe.

Wasomaji wa mbali hawajui Korongo ni nini, kwa hiyo nieleze. Korongo ni plaizi. Ni plaizi ya mkono ya kawaida, yenye mipini myekundu, na shingoni imechongwa ndege aliyesimama kwa mguu mmoja. Marehemu alikuwa fundi umeme, na aliipenda chapa hiyo kama watu wengine wanavyopenda timu ya mpira. Hakuitia kwenye mfuko pamoja na bisibisi na nyundo. Aliishonea ala ya ngozi kutoka kwenye kiatu kikuukuu, akaivaa kiunoni. Ukimuuliza habari za nyumbani alijibu kwa kifupi. Ukimuuliza habari za Korongo, ujue umepoteza asubuhi yako. Angeifumba na kuiinua juani ili uone kwamba hakuna mwanga unaopenya katikati ya meno. Angekuomba unywele mmoja wa kichwani mwako aukate mbele ya macho yako. Na kila alipotaka kugusa waya aliibana hewani mara mbili, kra, kra, kama mtu anayepiga hodi. Watoto walikuwa wakimwigiza barabarani kwa vidole.

Kibanda changu kiko ubavuni mwa mashine ya kusaga, kwa hiyo nilimwona akifanya kazi mara nyingi, na siku moja nitaieleza kama ilivyokuwa. Mashine ilikuwa inasuasua. Wanawake walikuwa kwenye foleni na mabeseni yao ya mahindi na mihogo, na mwenye mashine, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, alikuwa ameshika kiuno mlangoni. Fundi alipofika akamwambia, "Fundi, shida ni ya waya tu hapo kwenye boksi. Lakini usinizimie. Kinu kingine kinafanya kazi, na ukizima hawa watanisaga mimi."

"Nani kasema nazima?" fundi akajibu. "Wanaozima ni waoga." Akaichomoa plaizi kiunoni. "Korongo, salimia watu." Kra, kra.

Wanawake wakacheka. Mmoja akapiga makofi kwa mshangao. "Yemwe! Mume wangu anaogopa hata tochi, huyu anashika moto kwa mkono!"

"Basi nenda kaolewe na Korongo," mwingine akamjibu, na foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi naye alicheka, huku meno ya plaizi yakiwa tayari kwenye waya wenye moto na cheche moja ya buluu ikiruka. Mtu mmoja tu hakucheka. Mkewe alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, beseni lake likiwa karibu na mlango. "Chekeni," alisema, bila kuinua sauti. "Nyinyi mnacheka, mimi ndiye ninayemsubiri nyumbani."

Ili mtu aelewe kwa nini hatukumsikiliza, lazima akumbuke umeme wetu ulivyokuja. Huku kwetu milimani tulikaa muda mrefu na jenereta lililokuwa likikohoa, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Tulinunua friji tukatunzia nguo. Umeme wa kudumu ulipofika, tuliupokea kama mgeni aliyesubiriwa mpaka watu wakakata tamaa, na mgeni wa namna hiyo humwambii atoke nje kidogo mara tu anapoketi. Ikaingia tabia kwamba fundi anayeomba kuzima meni swichi, ile swichi kubwa ya ukutani, hajui kazi. Mwenye saluni alimfukuza. Mwenye duka la soda baridi alimwambia aende akajifunze. Fundi aliyefanya kazi moto ukiwa umewaka ndiye aliyeitwa tena, na huyu wetu aliitwa kuliko wote. Naye aliamini kwa moyo mmoja kwamba siri si yake bali ni ya ile mipini myekundu. "Mkono wangu ni wa nyama kama wako," aliwahi kuniambia. "Korongo ndiyo haipitishi." Hilo lilikuwa kweli siku ilipokuwa mpya.

Tatizo ni kwamba mpini nao huchoka. Kulikuwa na siku tulisafiri pamoja kwenda Kasulu, mimi nikifuata vifaa vyangu, yeye akifuata Korongo mpya. Ya zamani ilikuwa imeliwa mpaka chuma kikaanza kuonekana mahali kidole gumba kinapokaa, naye alikuwa ameizungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli na kuvifunga kwa uzi. Tuliingia duka la vifaa la bwana mmoja mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, ambaye wazee wake walitoka pwani, na bado anazungumza kama wao. Alituwekea plaizi mezani, nyekundu, yenye ndege shingoni. Fundi akaenda nayo mlangoni, akaifumba, akaiinua kwenye jua, akafunga jicho moja.

"Bwana wee," mwenye duka akasema, "unanunua plaizi au darubini?"

"Mwanga unapita. Halafu mtazame ndege wako. Korongo husimama mguu mmoja. Huyu kasimama miwili. Mzee wangu, huyu ni bata."

Mwenye duka alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akawa mpole. "Sikiliza, ndugu yangu. Ile ya kweli siku hizi hailetwi. Zinazopita mpakani Manyovu zote ni bata kama huyu, sikufichi. Lakini ninayo hii, chapa nyingine, mpini wake mzito, mpira wake wa kuaminika. Mafundi wangu wote wanaitumia. Ichukue, iache hiyo yenye bandeji ikapumzike."

Fundi aliishika hiyo nyingine. Aliibana hewani mara mbili, na haikulia kama ile yake. Akairudisha kwa adabu. "Nikishika nyingine mkono utanisusa," akasema. Nje ya duka palikuwa na Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi aliyetandaza vyuma vikuukuu kwenye turubai. Alikuwa amesikia yote. "Papa," akamwambia, akiitaja plaizi kwa jina la kwao, "pinsi ni pinsi." Fundi alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema peke yake, "Pinsi ni pinsi. Pinsi ni pinsi! Ati!" Nilicheka. Ilikuwa safari nzuri.

Baadaye mkewe naye alikwenda Kasulu, peke yake, baada ya kuvuna maharage. Alifika duka lile lile akanunua ile yenye mpini mzito. Hilo nilielezwa na yeye mwenyewe msibani. Alimkabidhi mumewe ikiwa bado kwenye plastiki yake, naye akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitundika sebuleni karibu na kalenda. "Hii ni ya wageni," akasema. Ndivyo tunavyosema kuhusu vikombe vizuri vinavyokaa kabatini. Mke akamwomba aifungue. Akaahidi. Kila alipofagia sebule aliiona palepale, haijafunguliwa, na kila fundi alipotoka, ala kiunoni ilikuwa na Korongo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Fundi alikuwa jikoni kwenye mgahawa mmoja, sakafu ina maji, wateja wa chakula cha mchana wamejaa, samaki wako kwenye friji. Mwenye mgahawa hakumwambia asizime. Hakukuwa na haja, maana jambo hilo lilikuwa limeshajulikana. Wapishi wanasema walisikia kra, kra, kisha hawakusikia kitu kingine. Ule mpira wa baiskeli ulikuwa umeloa na umeteleza, na mkono ukashika chuma.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, kwa hiyo msibani nilikaa nyuma pamoja na waliokuwa wakichota maji. Ndiyo maana nilisikia mengi. Kabla ya kwenda makaburini, kaka mkubwa wa marehemu aliileta plaizi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Alisema mtu na kitu chake, na kwamba kila anayemjua mdogo wake anajua angetaka kulala nayo. Wanaume wakakubali kwa kichwa. Ilionekana jambo zuri, hata mimi liliniingia moyoni. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake. Akasema, "Hapana, shemeji."

"Mama, ni heshima tu."

"Imemchukua. Isilale naye."

Kaka aliiweka ile plaizi kwenye dirisha, na mazishi yakaendelea. Kwetu jembe la marehemu haliguswi mpaka matanga yaanuliwe, na plaizi nayo ilikaa dirishani hivyo hivyo, kitambaa chake kikishika vumbi. Kila aliyeingia kutoa pole aliitupia jicho. Nilikuwa nikijiuliza itaenda wapi. Mafundi wawili vijana waliitaka, nami niliwasikia wakinong'ona kwamba Korongo ya kweli haipatikani tena.

Matanga yalipoanuliwa mashine ya kusaga iliharibika tena. Aliitwa mmoja wa wale vijana. Foleni ilikuwa ndefu, mabeseni yamepangwa, na mama mwenye mashine alisimama mlangoni mahali pake pa siku zote. Nilikuwa namchajia mtu simu, na nilimsikia vizuri. Alianza kusema, "Fundi, usini..." akakatisha. Lakini kijana alikuwa ameshaelewa. Alipanda kwenye kiti, akafungua boksi, moto ukiwa umewaka, akatafuta plaizi mfukoni. Aliufuta mkono kwenye suruali mara mbili, na watu wote tulimwona. Tulitazama tu. Hilo ndilo linalonirudia kuliko yote: kwamba baada ya kumzika mtu, bado tulisimama tukatazama.

Mjane alikuwa kwenye foleni. Aliweka beseni chini, akapita katikati yetu, akaenda ukutani, akaishusha meni swichi kwa mkono wake. Vinu vyote viwili vikapunguza mwendo, vikaguna, vikasimama. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile pale. Nilisikia kuku wa nyumba ya pili. Nilisikia unga ukidondoka kutoka kwenye mkanda.

"Sasa fanya kazi, mwanangu," akasema. Akafungua fundo la khanga yake na kutoa ile plaizi ya Kasulu. Aliichana plastiki kwa meno mbele yetu, akampa kijana ile yenye mpini mzito. Kisha akamgeukia mwenye mashine. "Mama, nina kitu changu kingine. Nataka msumari hapa ukutani."

Mwenye mashine, ambaye sauti yake husikika mpaka stendi, alijibu taratibu sana. "Piga, mwenzangu. Ukuta ni wako."

Korongo iko hapo mpaka leo, inaning'inia chini ya meni swichi. Mtu akitaka kufungua boksi lazima aione. Ile mipira ya baiskeli haikuondolewa, na ndege bado amesimama kwa mguu mmoja.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika safu hii, na mnajua mimi huandika polepole. Kuna watakaosema aliuawa na mapenzi yake kwa kipande cha chuma. Mimi siwezi kusema hivyo. Kupenda kifaa chako si kosa, na nimeona mafundi wasiopenda chochote, na kazi zao tunazijua. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimwonya mgema, lakini hawakutuonya sisi tuliokaa na vibuyu mkononi tukisifu. Sisi tulimpigia fundi makofi kwa kitu kile kile ambacho mkewe alikuwa akikiogopa. Tulimwita shujaa kwa sababu tulitaka unga wetu haraka na soda zetu baridi, na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, hakutaka kutuangusha. Mtu akikufanyia kazi, tazama unamsifia nini. Huenda ndicho atakachofia.

Mashine ikisaga, ukuta wote hutetemeka, na Korongo hutetemeka nao, mpini ukigonga mpini. Kra, kra. Wateja wapya hudhani ni bolti imelegea. Mjane akifika na beseni lake hutazama juu mara moja, huweka beseni kwenye foleni na kusubiri zamu yake. Fundi akija, mtu yeyote aliye karibu huinuka na kushusha swichi bila kuambiwa, hata mtoto. Vinu husimama, ukuta hutulia, na ile sauti nayo hunyamaza.