Vyuo Viwili na Ugali wa Njano

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa njano. Unga mweupe ulitoweka kwenye duka la Mhindi wetu hapa ughaibuni, Scarborough, yule mzaliwa wa Moshi ambaye hata leo anakuuliza "Unga gani, mama?" kama yuko nyuma ya kaunta ya marehemu baba yake. Alituambia meli imechelewa. Wiki zikapita, meli haijafika, tukawa tunanunua ule unga wa njano ambao Wajamaika wanaupikia uji. Ugali wake hauna adabu. Ukiumega unakukimbia vidoleni, ukiuacha kidogo unakuwa tofali. Tuliula tangu theluji mpaka miti ya chini ya jengo letu ikatoa majani, na katika miezi hiyo ndipo mjukuu wangu alipokubaliwa na vyuo viwili.

Nyumbani tulikuwa watatu, gorofa ya kumi na moja: mimi, binti yangu, na huyo mtoto wake wa pekee. Binti yangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anaogesha watu wa rika langu. Mimi nililetwa kulea mtoto kabla hajaota jino, nikakaa moja kwa moja. Mtoto mwenyewe ana akili. Sisemi kwa kujisifu. Hapana, nasema kwa kujisifu: mimi niliishia darasa la nne, nasoma Kiswahili na majina ya vituo vya basi, na mjukuu wangu walikuwa wanamgombania.

Vyuo vyote viwili vingemfundisha uuguzi, na vyote vilisifiwa. Kimoja kiko humu humu mjini, basi moja na treni moja, jioni uko nyumbani. Kingine kiko mbali, jimbo jingine kabisa kule pwani, siku mbili kwa gari. Mhindi wa duka alisema mpwa wake alisoma kile cha mbali na sasa hospitali nzima inamsikiliza. Mama mmoja wa kanisani akasema wa kwake alisoma cha karibu na hajawahi kukosa kazi hata wiki moja. Ukimsikiliza huyu unaona mbali, ukimsikiliza yule unaona karibu.

Shida ilikuwa macho yangu. Nina presha ya macho, na dawa yake ni matone, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja, la sivyo ninapofuka. Aliyekuwa ananitia ni huyo mjukuu, tangu ana miaka kumi na miwili. Ananilaza kichwa kwenye kiti, ananifungua kope kwa kidole gumba, anasema, "Usikodoe, mke mwenzangu." Ndivyo tulivyoitana. Mume wetu ni babu yake, marehemu, yupo ukutani kwenye picha na koti lake la harusi, na tulizoea kumgombania: yeye anasema babu anamtazama yeye, mimi namwambia huyo anatafuta chai yake. Utani huo ndio uliompa Kiswahili alichonacho. Mengine yote anayasikia, lakini anajibu kwa Kiingereza.

Kwa hiyo kila mtu mle ndani alijua. Akienda mbali, macho ya bibi yanabaki na nani? Binti yangu alinifuata jikoni, akafunga bomba ili nimsikie vizuri. "Mama, mwambie abaki. Mimi nikisema ananibishia. Wewe hakubishii."

Ni kweli, hanibishii. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Sikukaa tu, lakini. Tulikwenda naye kukiona chuo cha karibu, siku waliyoruhusu wazazi. Kijana mmoja akatuzungusha, anatuonyesha maktaba, madirisha, vitanda vya wagonjwa wa plastiki. Nikamwambia mjukuu wangu amuulize: wanaofeli mnawafanya nini? Mtoto akaona haya, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba watu hawaulizi hivyo. Nikamwambia mimi nauliza. Kijana akajibu vizuri tu, kuna ofisi ya kuwasaidia, akatupeleka mpaka mlangoni. Nikaipenda ile ofisi. Kile cha mbali tulikiona kwenye kompyuta, msichana mmoja wa huko akiongea nasi. Nikaomba anionyeshe jikoni kwao. Akanionyesha: sufuria nne mekoni, mtu anakatakata kitunguu. Nikaona basi, huko nako watu wanaishi.

Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa Ijumaa. Jumapili iliyotangulia, tumetoka kanisani, tunakula ugali wetu wa njano na mchicha, mtoto akasukuma sahani pembeni, akaweka karatasi mbili mbele yangu. Alikuwa amezichapa kutoka kwenye kompyuta, kila moja na nembo yake. Binti yangu alikuwa zamu. Mtoto akasema kwa Kiswahili, na hakuwa na utani usoni: "Bibi, wewe chagua."

Nikautazama ule ugali. Lazima niseme nilichokiona.

Mara ya kwanza kula ugali wa rangi ile nilikuwa mtoto, nyumbani, mwaka mvua ilipogoma na unga wa msaada ukaja kwa malori. Watu waliuita chakula cha kuku, na waliula. Mwaka huo huo nilimaliza darasa la nne, na mwalimu akaja kwetu kumwambia baba kwamba nimefaulu, nafasi zipo mbili: shule ya masista kule mlimani, na shule ya wilaya. Zote nzuri, alisema. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekwisha kuchagua moyoni, masista, kwa sababu wasichana wao walivaa soksi nyeupe. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema, "Huyu anakwenda kwa shangazi yake mjini." Kwa shangazi kulikuwa na mchele. Mumewe alikuwa karani wa kiwanda cha pamba, kwao hakuna aliyelala na njaa.

Baba hakuwa mkatili. Aliniona shingo ilivyokuwa nyembamba, akanichagulia chakula. Nikala, nikanenepa, nikapika na kufua kwa shangazi mpaka nilipoolewa, na shule ikaishia pale. Miaka yote hiyo, kila barua ya Kiingereza niliyopewa nikashindwa kuisoma, nilimwona baba ananawa mikono. Nimemzika, nimemlilia, na hasira bado ipo. Mtu aliyenipenda kuliko wote, na siwezi kumkumbuka bila lile neno lake.

Sasa nilikuwa nimekaa mahali pake, na ugali ule ule. Nikizisogeza karatasi kwa kidole tu, mtoto atatii. Akibaki, atakuwa amebaki kwa ajili ya matone mawili ya dawa, na siku moja, mimi nikiwa udongoni, atanikumbuka nilivyonyoosha kidole. Nikimwambia nenda, akateseka huko, ni mimi tena. Nikamrudishia karatasi zake zote mbili. Nikasema: "Mimi sikuchagulii."

Alinitazama kama nimemmwagia maji. Akachukua karatasi, akaingia chumbani, ugali wake ukagandia sahanini.

Siku nne zilizofuata sizisahau. Matone alinitia, asubuhi na jioni, hakuruka. Lakini alinitia kama wanavyotia hospitalini. Hakuna "usikodoe," hakuna mke mwenza. Aliniita Bibi tu. Nikimtania kuhusu mume wetu anaondoka. Nikadhani ananifanyia kiburi kwa kuwa nimemwachia mzigo, nikasema moyoni, acha akasirike, hasira hii itapona.

Alhamisi mchana binti yangu akatoka kazini, hata viatu hajavua. Akaniuliza, "Mama, kwa nini umemwambia mtoto humtaki?"

Nikamwambia mimi sijasema hivyo, ana wazimu gani. Akasema mtoto amemlilia kwenye simu. Amemwambia kwamba aliniomba nichague, abaki na mimi au aende, na mimi nikamjibu uso kwa uso: mimi sikuchagui.

Nilikaa kitini. Herufi mbili. Mtoto anayekisikia Kiswahili kupitia ukuta wa Kiingereza, herufi mbili zimempita, na siku nne nzima ameamini kwamba bibi yake aliyemlea kabla hajaota jino amemkataa. Na bado alinitia dawa. Hapo ndipo nilipolia, na machozi yaliyatoa matone yote ya asubuhi.

Siku hizi matone najitia mwenyewe, mbele ya kioo, na nusu yanaishia shavuni. Mtoto yuko kule pwani, mwaka wake wa pili. Mkataba wake ni kunipigia simu kila asubuhi anihesabie, moja, mbili. Lakini hayo ni ya baadaye. Alhamisi ile nilimsubiri arudi kutoka shuleni, nikamwita jikoni, nikaweka sufuria tupu mezani.

Nikamwambia, sikiliza maneno. Nikisema nakupika, nakufanya nini? Akafikiri, akasema kwa Kiingereza kwamba ninamtia yeye sufuriani. Sawa. Na nikisema nakupikia? Hapo anakula. Sawa. Sasa, "sikupiki" na "sikupikii," ni kitu kimoja? Akasema hapana. Niliona linavyomwingia, polepole, kuanzia kwenye macho. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza, kwamba basi siku ile nilikuwa nazungumzia vyuo, sikuwa namzungumzia yeye?

"Wewe nilikuchagua zamani," nikamwambia. "Niliacha nyumba, niliacha kaburi la mume wetu, nikapanda ndege na miguu imevimba. Unataka nichague mara ngapi?"

Akaniwekea kichwa begani. Mtu mzima, ananipita urefu, ilibidi apinde magoti. Akaniambia ugali wa njano ndio uliomharibu masikio, mke mwenzangu. Nikacheka, naye akacheka, lakini Ijumaa ilikuwa kesho na karatasi zilikuwa bado mbili.

Alikwenda kuzichukua chumbani, akaziweka juu ya mfuniko wa sufuria, mbele yangu. Akalitafuta neno mdomoni, akalipata zima, halikupungua hata herufi. "Bibi," akasema, "nichagulie."

Hajawahi kusema Kiswahili kizuri kama kile. Ningeweza kumpa chochote. Moyo wangu ulikuwa unasema baki, baki, nani atanifungua kope. Nikaweka mikono yangu chini ya meza, nikaikalia, ili hata kidole kisinyooke.

"Mimi sikuchagulii."