Nani Alifungula Chupa?

Mtaa mzima wa Kampemba, mjini Lubumbashi, hakuna anayejua kufa jukwaani kama Papa Mwenya. Ndiyo maana Aimé, kijana anayetengeneza filamu, alimpa acheze mtu aliyetiliwa sumu kwenye bia, anayemsaka muuaji wake kabla ya kukata roho. Lakini kila chupa iliyowekwa mezani, Mwenya aliisukuma.

"Hii chupa nani alifungula? Miye sikuona."

"Papa, iko maji tu!"

"Basi mufungule ingine, apa mbele yangu."

Aimé alishika kichwa. Sumu ingetiwa saa ngapi, kizibo kikitolewa mbele ya macho yake? Mwenya akafoka: mjinga gani wa Lubumbashi hunywa chupa iliyokwisha kufunguliwa? Huyo asitafute muuaji, atafute akili!

Alifoka mpaka koo likamkauka. Mkewe, Mama Mapalo, akamhurumia, akamletea chupa ikiwa wazi. Mwenya akaipokea, akaimaliza bila kuuliza neno.

"Coupez!" Aimé akasimamisha kamera, akaruka kwa furaha. "Muuaji tumemupata!"

Mwenya akamgeukia mkewe polepole, chupa tupu mkononi. "Mama... hii ulifungulia wapi?"

"Bukari ninayokupikia unakula miaka yote hii," akasema Mapalo, "na leo ndiyo unauliza?"